Meli Ikimwaga Mafuta Baharini: Namna ya Kudai Fidia Ukiwa Arusha au Moshi na Riziki Yako Iko Pwani

Mama mmoja wa Kiboriloni alishuka Arusha na basi la asubuhi, akaingia ofisini kwetu, akatoa kwenye kikapu chupa ya plastiki ya lita moja na nusu na kuiweka juu ya meza. Ndani mlikuwa na mchanga wa Pangani ulioshikana na madonge meusi mfano wa lami. Alipofungua kifuniko chumba kizima kikanuka kama gereji za Unga Limited. "Wakili, ushahidi wangu ndio huu. Nataka wenye meli wanilipe." Mdogo wake analima mwani kule chini, mtaji ni wa kwake yeye, na msimu ule kamba zilitoka majini zimepakaa mafuta mwanzo hadi mwisho.

Nikamuuliza yaliokotwa siku gani, ufukwe upi, nani aliyaokota na nani mwingine aliona. Hakujua. Mdogo wake alimpa chupa stendi akaondoka.

Haki alikuwa nayo, tena haki nzuri kuliko alivyodhani, maana sheria ya mafuta ya meli haimtaki aliyeumia athibitishe kwamba nahodha alizembea. Inamtaka athibitishe hasara yake, na afanye hivyo ndani ya muda. Wengi wanaanguka hapo pa pili.

Watu wa huku juu huniuliza meli inatuhusu nini sisi wa Meru na Kilimanjaro. Sehemu kubwa ya petroli na dizeli inayouzwa kwenye vituo vyetu huteremshwa bandari ya Tanga na kupanda kwa malori. Nusu ya ninaowajua Moshi wana kiwanja, nyumba ya wageni au ngalawa ya shirika kati ya Tanga na Pangani. Na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ambako meli kubwa zitakuwa zinapakia. Kwa hiyo soma, hata kama bahari unaiona Krismasi kwa Krismasi.

Kwanza, jua ni mafuta gani na yametoka kwenye chombo gani

Hili linatangulia yote kwa sababu ndilo linaloamua utapita mlango upi.

Mlango mpana ni wa mikataba miwili ya kimataifa ya 1992, na Tanzania ni mwanachama wa yote miwili. Mmoja ni Mkataba wa Dhima ya Kiraia, ambao wanasheria huuita CLC. Huo unambebesha dhima mwenye meli. Wa pili umeunda Mfuko wa kimataifa wa fidia wenye ofisi London, unaolipa pale ambapo fedha za mwenye meli hazitoshi au hazipatikani. Chimbuko la mfumo huu ni meli ya Torrey Canyon, iliyopanda mwamba kusini magharibi mwa Uingereza mwezi Machi 1967 na kumwaga shehena ya mafuta ghafi. Serikali zikagundua kuwa hazina sheria ya maana ya kumbana mwenye meli iliyosajiliwa Liberia. CLC ya kwanza ikaandikwa 1969, na hii ya 1992 ndiyo inayotumika sasa.

Mlango huo una masharti. Unahusu mafuta yasiyopeperuka upesi: mafuta ghafi, mafuta mazito ya mitambo na ya injini za meli, dizeli nzito, vilainishi. Petroli, mafuta ya taa na dizeli nyepesi hazimo. Rudia sentensi hiyo polepole, maana meli nyingi zinazoshusha Tanga zimebeba hivyo hivyo visivyomo. Meli ya mafuta ikipasuka ikiwa na petroli tupu, samaki watakufa na wavuvi watalala njaa, lakini Mfuko wa London hautalipa hasara ya petroli hiyo. Hapo unarudi kwenye sheria za nyumbani: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza kumwaga mafuta kwenye maji na kubeba kanuni ya mchafuzi kulipa, pamoja na madai ya kawaida ya uzembe na kero mahakamani. Kumbuka pia kwamba sheria hiyo ni ya Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mazingira ya 2015 na mamlaka zao.

Sharti la pili ni kwamba chombo kiwe meli inayobeba mafuta kama shehena. Meli ya makontena au ya ngano ikipasuka tangi lake la injini, mafuta yake yanaweza kuwa mazito na meusi kuliko yote, na bado CLC na Mfuko havihusiki. Mauritius walilijua hili kwa uchungu. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio, iliyokuwa haina shehena, ilipanda mwamba karibu na Pointe d'Esny, na takriban tani 1,000 za mafuta ya injini zikaingia kwenye wangwa na mikoko. Kwa kuwa haikuwa meli ya mafuta, Mfuko haukuingia. Kilichotumika ni Mkataba wa Mafuta ya Injini za Meli wa 2001, ambao una bima ya lazima kwa meli zaidi ya tani 1,000 za ujazo lakini nyuma yake hakuna mfuko wowote, na kiwango cha juu cha malipo hutegemea sheria nyingine za ukomo wa dhima. Watu wakabishana hata juu ya ukomo upi utumike.

Kuna hali ya tatu, ya madonge kama ya mama wa Kiboriloni: mafuta yapo, meli haijulikani. Mfuko unaweza kulipa hata hapo, iwapo itathibitika kwamba yametoka kwenye meli ya mafuta. Donge lenyewe halisemi limetoka wapi. Maabara ndiyo husema.

Asubuhi ya kwanza ufukweni

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa mawakili bila kujijua.

Sampuli uichukue kwenye chupa ya kioo safi yenye mdomo mpana, siyo plastiki. Chupa ya plastiki iliyowahi kubeba maji au juisi inaweza kuchanganya kemikali zake na mafuta, na wakili wa bima ataomba itupwe nje kabla hujamaliza kujitambulisha. Kifuniko kitenganishe na mafuta kwa karatasi ya alumini. Chukua sampuli tatu au nne sehemu tofauti za ufukwe, kila moja na lebo yake: tarehe, saa, jina la mahali, jina la aliyechukua, sahihi ya shahidi. Shahidi bora ni mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za pwani, kile wavuvi wanachokiita BMU. Weka mahali pa baridi na giza. Kila chupa inapohama mkono, andika nani amempa nani na saa ngapi.

Sampuli moja ipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha, lakini waulize kabla ya kusafiri na chupa kama kipimo unachotaka kinafanyika hapa au Dar es Salaam. Unachotaka ni kulinganisha mafuta ya ufukweni na ya meli inayoshukiwa, kama polisi wanavyolinganisha alama za vidole.

Kisha picha, nyingi, na kitu cha kupimia ukubwa pembeni: ndala, rula, hata sarafu. Piga picha za kamba za mwani zikiwa bado kwenye vigingi vyake, kabla hamjazing'oa. Piga nyavu, ngalawa, mapango ya pweza, mizizi ya mikoko. Acha simu iandike tarehe na mahali. Andika pia hali ya bahari: kusi au kaskazi, bamvua au maji mafu, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Mvuvi anaona mambo hayo ni ya kawaida mno kuandikwa, kumbe mtaalamu wa mikondo atayatumia kurudi nyuma mpaka mahali meli ilipokuwa.

Na msimwage sabuni. Nimesikia vijana wakijisifu wamesafisha ufukwe kwa sabuni ya unga. Mafuta hayaondoki, yanavunjika na kuzama kwenye mchanga na mikoko, na anayetakiwa kulipa atasema madhara mmeyaongeza wenyewe.

Toa taarifa, na ubaki na nakala

Pigeni ripoti TASAC, shirika linalosimamia usalama wa usafiri wa majini kwa Bara, kwa mkuu wa bandari aliye karibu, kwa mamlaka ya mazingira ya taifa ambayo wengi tunaijua kwa jina la NEMC, na kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Simu inatosha saa ya kwanza. Baada ya hapo iwe barua, yenye mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ofisi moja, sitaitaja, iliwahi kuniambia haikupokea taarifa yoyote kuhusu jambo ambalo mteja wangu aliwapigia mara tano. Bila mhuri sikuwa na la kusema.

Usichanganye faini na fidia. Serikali inaweza kumshitaki mchafuzi, kumtoza faini na kumwamuru arejeshe mazingira. Faini huenda hazina. Wavuvi husikia redioni meli imetozwa mamilioni, wakakaa wanasubiri mgao. Hakuna mgao. Fidia yako unaidai mwenyewe.

Nani wa kumdai

Chini ya CLC jibu ni fupi: mmiliki aliyesajiliwa wa meli, na bima yake. Kama meli imebeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta hayo ni lazima iwe na cheti cha bima, na mkataba unakuruhusu kumshitaki mtoa bima moja kwa moja. Hiyo ni neema kubwa. Kampuni nyingi za meli zina chombo kimoja tu na anwani ya posta kisiwani, lakini bima ina ofisi, mawakili na fedha.

Mmiliki anaweza kujinasua kwa sababu chache mno: vita, janga la asili la kipekee lisilozuilika, na kusi kali la kawaida halimo, kitendo cha makusudi cha mtu mwingine kilichosababisha yote, au uzembe wa serikali katika kutunza taa na alama za kuongozea meli, nao uwe ndio chanzo chote cha ajali. Baharia kulewa, injini kuzima, ramani kuwa ya zamani, yote hayo hayamsaidii.

Wasiodaiwa nao uwajue, usije ukatupa ada ya mahakama. Nahodha na mabaharia, rubani wa bandari, mkodishaji wa meli, meneja wake na waokoaji wamekingwa, isipokuwa walikusudia madhara au walifanya jambo wakijua fika kwamba madhara yatakuja. Kinga hiyo si ukuta wa chuma. Baada ya meli ya mafuta ya Erika kukatika vipande viwili karibu na Bretagne Desemba 1999, mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua mwaka 2012 kwamba kampuni ya Total, iliyojificha nyuma ya kinga ya mkodishaji, ilikuwa na uzembe wa kiwango hicho na ikawajibika. Ila kesi hiyo ilichukua karibu miaka kumi na mitatu na serikali nzima zikiwa upande wa wadai. Kikundi cha wavuvi wa Kigombe kianzie kwa bima.

Jambo moja kuhusu Chongoleani. CLC inahusu mafuta yaliyotoka kwenye meli. Bomba lenyewe au tangi la nchi kavu likivuja, hata hatua kumi kutoka baharini, mdaiwa ni mwendeshaji wa bomba, chini ya sheria ya mazingira na sheria nyingine za nchi.

Kiasi kilichopo mezani

Mmiliki hawajibiki bila mwisho. Ukomo wake unahesabiwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ambacho kimoja ni zaidi kidogo ya dola moja ya Marekani na senti thelathini. Meli isiyozidi tani 5,000 za ujazo: SDR milioni 4.51. Kila tani ya ziada inaongeza SDR 631, mpaka kilele cha SDR milioni 89.77 kwa meli za zaidi ya tani 140,000.

Chukua meli ya tani 30,000. Ziada ni tani 25,000, ukizidisha kwa 631 unapata 15,775,000. Jumlisha 4,510,000, ukomo ni SDR 20,285,000. Madai yote yakizidi hapo, Mfuko unaongeza mpaka jumla ifike SDR milioni 203, zikiwemo zile za mmiliki. Na hizo zikipungua, kila mdai anapunguziwa kwa uwiano uleule, hoteli kubwa na mchuuzi wa pweza sawasawa.

Mmiliki akishaweka kiasi cha ukomo wake mahakamani, huwezi tena kukamata meli zake nyingine. Ndiyo maana saa za mwanzo, meli ikiwa bado majini mwetu, mawakili hukimbilia kuomba amri ya kuikamata.

Hesabu ya hasara, senti kwa senti

Hapa ndipo napotezea muda mwingi na wateja, na ndipo pesa ilipo.

Mvuvi huniambia, "Kwa siku naingiza elfu arobaini, tumekaa miezi miwili, kwa hiyo nadai milioni mbili na laki nne." Mkaguzi wa madai hataikubali. Hasara ni faida iliyokosekana. Elfu arobaini ni mauzo, ndani yake kuna mafuta ya mashine, barafu na chambo, tuseme elfu kumi na tano, ambazo hukutumia ulipokaa nyumbani. Inabaki elfu ishirini na tano. Tena huingii baharini siku thelathini. Kwa maji mafu na upepo, weka siku kumi na nane. 25,000 mara 18 mara miezi miwili ni 900,000. Kama kwenye miezi hiyo ulilipwa 200,000 kwa kusafisha ufukwe, itoe. Dai lako ni 700,000, na hilo linasimama.

Juu yake ongeza nyavu zilizoharibika. Wavu wa miaka miwili haulipwi bei ya mpya, unapunguzwa kwa uchakavu. Lete wenyewe au kipande chake, maana wakikuta mmeuchoma wote mtaanza kubishana kwa maneno.

Uthibitisho wa kipato ni risiti, taarifa za benki, miamala ya simu, daftari la ushuru la mwaloni, leseni ya uvuvi, daftari la kikundi cha mwani. Wakaguzi hupenda kuona miaka mitatu iliyotangulia. Wenye daftari zilizoloa wasikate tamaa. Meli ya Solar 1 ilipozama karibu na kisiwa cha Guimaras, Ufilipino, mwezi Agosti 2006, maelfu ya wavuvi wadogo wasio na karatasi walilipwa na Mfuko, kwa kutumia takwimu za uvuvi wa eneo, usajili wa vijiji na mahojiano. Kilichowasaidia ni kuorodheshwa mapema na kwa pamoja. Hivyo BMU iandike orodha wiki ya kwanza: jina, chombo, aina ya nyavu, nani nahodha na nani mvuvi wa mgawo, kabla wajomba kutoka mjini hawajaanza kujiita wavuvi.

Gharama za kusafisha nazo zinadaiwa, zikiwa za kiasi na zilihitajika kweli. Wekeni karatasi ya mahudhurio ya kila siku. Uharibifu wa mikoko na matumbawe hulipwa kwa gharama halisi za hatua za kuyarejesha, wala siyo kwa bei ya kubuni ya kila mti.

Na sisi wa huku juu?

Mwenye nyumba ya wageni Ushongo anayeishi Njiro anadai kama mtu wa pwani, maana mali yake iko pale. Mkopeshaji wa mtaji kama mama wa Kiboriloni anategemea mkataba wake na mdogo wake: kama ni mbia kwenye shamba la mwani, wanadai pamoja. Kama alikopesha tu, deni lake liko kwa mdogo wake na siyo kwa meli.

Muuza samaki wa soko la Moshi ana kazi ngumu. Mfuko huangalia umbali kati ya biashara na mafuta, kiasi gani biashara inategemea eneo lililochafuka, kama kulikuwa na njia nyingine ya kupata bidhaa, na kama biashara ni sehemu ya uchumi wa eneo hilo. Watamuuliza kwa nini hakununua perege wa Nyumba ya Mungu. Kama kweli miaka yote ameuza dagaa na pweza wa Tanga peke yake, na risiti zinasema hivyo, ajaribu. Mimi singemwahidi kitu.

Kampuni ya utalii ya Arusha inayouza safari ya Serengeti na siku tatu za ufukwe inaweza kudai zile siku tatu, ikionyesha barua za wageni waliofuta safari na sababu waliyoiandika. Anayewauzia hoteli mashuka yuko mbali zaidi na mafuta, na dai lake huwa dhaifu kuliko la anayempokea mgeni mwenyewe.

Muda

Miaka mitatu tangu madhara yatokee, na kwa vyovyote si zaidi ya miaka sita tangu tukio. Inasikika mingi. Nimewahi kuletewa faili lenye barua pepe za miaka mitatu na miezi minne kati ya kikundi na wakala wa bima, kila barua ya heshima kuliko iliyopita, "tunashughulikia dai lenu". Hakuna kesi iliyokuwa imefunguliwa. Saa haisimamishwi na barua wala kwa kujaza fomu ya madai. Kwa mwenye meli na bima, inasimama kwa kufungua kesi. Kwa Mfuko, inasimama kwa kuushitaki wenyewe au kuupa taarifa rasmi ya kesi uliyomfungulia mmiliki. Mazungumzo yaendelee, lakini mwezi wa thelathini ukifika bila malipo, fungua kesi.

Hapa Arusha mfano tunao. Asasi za kiraia zilipeleka shauri la bomba la Hoima hadi Chongoleani kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020. Novemba 2023 divisheni ya kwanza ikalitupa kwa kuwa lilichelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, na majaji walihesabu kuanzia makubaliano ya 2017. Hoja za mazingira zenyewe hazikuamuliwa. Mahakama hiyo, kwa taarifa ya wanaoniuliza kila mara, siyo ya kudai fidia ya nyavu. Humo hushitakiwa nchi kwa kuvunja Mkataba wa Jumuiya.

Kufungua dai

Kesi ya CLC hufunguliwa nchi madhara yalipotokea, hata kama meli ni ya Panama na bima iko Tokyo. Kwa pwani ya Tanga na Pangani ni Mahakama Kuu kule Tanga. Fomu za Mfuko zinapatikana kwenye tovuti yake, zipo tofauti kwa uvuvi na utalii, na kwenye ajali kubwa Mfuko na bima hufungua ofisi ya pamoja ya madai karibu na eneo. Nendeni kama kikundi, kila mtu na hesabu yake, maelezo ya kijiji yakiwa ya pamoja. Nakala za Kiswahili ziende na tafsiri. Nakala halisi ibaki kwenu. Ada ya mtaalamu aliyewasaidia kuandaa dai mnaweza kuiweka kwenye dai, na wakaguzi watapima kama alihitajika na kama bei yake ni ya haki. Wakili akikuomba theluthi ya kila kitu kabla hajaona daftari hata moja, muage kwa heshima.

Mama wa Kiboriloni alirudi baada ya wiki mbili, na mdogo wake, daftari la mwani lenye madoa ya chai, na chupa tatu za kioo zilizowahi kuwa za asali, zimeoshwa zikang'aa, kila moja na lebo na sahihi ya mwenyekiti wa kijiji. Ile ya plastiki alitaka kuichukua nyumbani. Nikamwomba aiache, niwe nawaonyesha wengine.